Mwiko Mikononi mwa Mtoto: Historia ya Kujifunza Kupika Kilosa

Kikitajwa kitabu cha mapishi ya Vietnam kwa watoto wanaoanza kupika, swali la kwanza la mzazi wa Mabwerebwere, au wa kata nyingine yoyote ya wilaya ya Kilosa, litakuwa: mwanangu ana haja gani na chakula cha watu wa mbali namna hiyo, na ugali wenyewe bado hajajua kuusonga? Swali hilo lina uzito, nalo linastahili jibu la historia kuliko jibu la mapenzi. Historia ya Kilosa inaonyesha kwamba chakula tunachokiita cha kwetu kiliingia kwa awamu, na kila awamu ilikuja na mafunzo yake. Katika mafunzo hayo yote, aliyesahaulika ni mtoto, ingawa ndiye anayechochea moto.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita Usagara, nchi ya Wasagara iliyo Kilosa, mwaka 1857, akifuata njia ya misafara kuelekea Ujiji, ugali aliouandika ulikuwa hasa wa mtama. Mahindi, ambayo asili yake ni bara la Amerika, yalikuwa yamekwisha kufika Afrika Mashariki, lakini hayajatawala. Kilichoyapa nguvu Kilosa ni kazi ya kuajiriwa katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba makubwa. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, ikipita Kilosa na Kimamba, na mkonge ukaifuata. Vibarua walitoka mikoa ya mbali, na kuanzia mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba, SILABU, ndiyo iliyowakusanya. Walilipwa fedha na posho, na posho ilikuwa hasa unga wa mahindi na maharage. Wengi waliacha wake zao nyumbani, hivyo wakitoka kukata mkonge walisonga ugali wenyewe kambini. Jambo hili nalitilia mkazo, kwa sababu wapo wanaosema jiko tangu asili ni la mtoto wa kike peke yake. Utajiri wa mkonge wa Kilosa ulijengwa na wanaume waliojipikia.

Baadaye mahindi yakapata hata wataalamu wake hapa hapa wilayani: kituo cha utafiti cha Ilonga kilishiriki kutoa mbegu kama Staha na Kito mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mpunga nao, zao la Asia, umeenea katika mabonde yenye maji, na Kilangali kuna shamba la serikali la kuzalisha mbegu. Kila badiliko lilidai ujuzi mpya jikoni. Sembe ya kinuni, kwa mfano, inataka mahindi yakobolewe kwanza, yapepetwe, yalowekwe, yaanikwe, ndipo yasagwe. Anayepepeta hutikisa ungo kwa mkupuo mfupi, akauinamisha kidogo kuelekea mbele, pumba zikaruka na punje zikabaki. Mtoto huanzia hapo, au kwenye kuchambua mchele na kutoa mawe. Akikua kidogo huachiwa uji aukoroge usishike madonge, na mwiko wa kusongea hupewa mwisho, mikono ikishapata nguvu. Ni mpangilio wenye akili sana. Tatizo ni kwamba anafundishwa vipande vya kazi ya mtu mwingine, na sababu za kila hatua haambiwi.

Itasemwa kwamba kupika hakujifunzwi kitabuni, na kwamba mama na bibi wanatosha. Hilo ni kweli kwa chakula ambacho mama na bibi wanakijua. Ila Tanzania imewahi kufundisha chakula kwa maandishi, na ilifaulu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilivuta watu wapatao milioni 2 katika vikundi vilivyosikiliza redio na kusomewa vijitabu, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa njia ile ile, ikizungumzia lishe. Vijijini watu walisoma, wakajadili, wakachimba vyoo na kupanda bustani. Lakini vijitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya watu wazima. Shuleni, nako, sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilimpa mtoto jembe na shamba la shule, lakini mavuno yakishafika jikoni alirudi kuwa mchukua kuni.

Kwa nini basi Vietnam, na si Usagara kwanza? Ningependa vyote viwili, na kama kuna fedha za kitabu kimoja tu, kiwe cha Usagara. Hata hivyo cha Vietnam hakiko mbali kama kinavyodhaniwa. Wali ndio mhimili wake. Mchaichai, ambao hapa tunauchemshia chai tu, kule hukaangiwa nyama. Tangawizi, ndimu, vitunguu saumu, karanga, tango na pilipili vipo gulioni. Wavietnam nao walipokea vya wageni: pilipili ilitoka Amerika, na mkate wao wa bánh mì ulianzia kwa Wafaransa waliowatawala. Kizuizi cha kweli ni mchuzi wao wa samaki waliovundikwa kwa chumvi, usiopatikana Kilosa, pamoja na karatasi za mchele za kuviringishia mboga. Kitabu kinachofaa kingesema wazi: tumia maji yaliyochujwa ya dagaa waliochemshwa kwa chumvi, na badala ya karatasi chukua jani la kabichi lililopitishwa kwenye maji ya moto. Ladha haitakuwa ile ile. Lakini mtoto wa miaka tisa atakuwa ameviringisha chakula chake mwenyewe bila kisu kikubwa wala mafuta yanayoruka, na vipimo vyote vikiwa vya kikombe na kijiko alivyo navyo nyumbani.