Pangani na Pumwani: Mitaa ya Wazee Wetu



Kitabu hiki hutoa kila mwaka hesabu ya fedha za chama. Safari hii twaona yafaa kutoa pia hesabu ya mtaa, maana mtaa nao ni mali.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Waafrika walijijengea vijiji vyao kando ya mji, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vilivyosifika. Waliishi humo Waswahili, Wakikuyu na watu wa makabila mengine, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake waliojenga kwa jasho lao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 watawala wa mji walipima viwanja Pumwani, wakitaka Waafrika wakusanywe mahali pamoja. Mtu alipewa kiwanja, akajenga nyumba ya miti na udongo, akaiezeka kwa madebe yaliyokunjuliwa, akapangisha vyumba. Nyumba ilikuwa yake, lakini ardhi haikuwa yake. Hapo ndipo ulipo mzizi wa taabu.

Watu wa Pangani hawakupenda kuhama, wakashikilia kwao kwa miaka mingi. Kufikia mwaka 1939 kijiji kilikuwa kimekwisha kubomolewa. Fidia ilitolewa, na nyumba zikajengwa Shauri Moyo. Lakini aliyekuwa amejenga kwa mkono wake sasa aliingia nyumba iliyojengwa na Baraza la Mji, na jirani wa miaka ishirini akawa mbali.

Siku hizi mitaa ya kale ya Nairobi yafanywa upya. Katika eneo la Pangani ujenzi wa nyumba za ghorofa ulianza mwaka 2020. Hatupingi maji safi, wala choo kizuri, wala ukuta wa mawe. Wazee wetu wenyewe walivitamani. Twauliza jambo moja tu: mtaa ukifufuliwa, je, wenyewe watakuwamo? Mtaa usio na wenyewe haukufufuka. Umezaliwa mwingine tu, ukarithi jina.

Kwa hiyo twawasihi wanachama: kila mwenye stakabadhi ya kodi, barua ya kiwanja au picha ya zamani aitunze vema, na nakala yake ailete chamani. Nanyi wazee, tutajieni nani alikaa nyumba ipi, kabla ukumbusho huo haujafukiwa pamoja nanyi. Madebe yameliwa na kutu, majina yasipotee.