Saa Sitini za Bunia: Historia ya Kuhesabu Mzigo wa Ufundishaji

Utangulizi

Mzigo wa mwalimu wa chuo kikuu haupimwi kwa mizani moja kila mahali. Vyuo vya Afrika Mashariki vilivyorithi desturi ya Uingereza vilizoea kuhesabu vipindi vya juma. Vyuo vya Kongo, vilivyorithi desturi ya Ubelgiji, vilihesabu jumla ya saa za somo zima. Makala haya yanaifuatilia hesabu hiyo ya pili hadi Bunia, mji uliozungukwa na teritwari ya Irumu katika Ituri.

Asili ya hesabu

Chuo Kikuu cha Lovanium kilianzishwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven. Kilifuatwa na chuo cha serikali cha Elisabethville, kilichofunguliwa mwaka 1956, na kile cha Waprotestanti cha Stanleyville, mwaka 1963. Mwaka 1971 vyote vitatu, pamoja na vyuo vya ualimu, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Mwaka 1981 muungano huo ulivunjwa.

Tawala zilibadilika, kipimo kikabaki. Kila somo lilipewa idadi ya saa, kwa mfano 45 za nadharia na 15 za mazoezi. Nadharia ilikuwa ya profesa, mazoezi ya msaidizi wake. Jumla ya saa alizokabidhiwa mwalimu ndiyo iliyohesabiwa kuwa mzigo wake.

Wepesi wa hesabu hiyo ndio udhaifu wake. Haiulizi iwapo darasa lina wanafunzi 20 au 300. Aidha, haionyeshi usiku wa kusahihisha mitihani, wala usimamizi wa tasnifu.

Bunia na profesa mgeni

Udhaifu huo ulidhihirika zaidi pembezoni. Bunia ilikuwa na chuo cha ualimu, na pia shule ya teolojia iliyoanza mwaka 1961, ambayo mwaka 2007 ilipata kuwa Chuo Kikuu cha Shalom. Baadaye Chuo Kikuu cha Kisangani kilifungua tawi ambalo ndilo chimbuko la Chuo Kikuu cha Bunia. Maprofesa wakazi walikuwa wachache, hivyo wageni waliitwa kutoka Kisangani, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara.

Hapo hesabu ilibadilika maana. Somo la saa 60 likifundishwa saa mbili kwa juma huchukua majuma 30. Likifundishwa saa sita kwa siku humalizika kwa siku kumi. Katika daftari la chuo masomo hayo mawili ni sawa. Kwa mwanafunzi si sawa hata kidogo: wa kwanza ana muda wa kusoma na kuuliza, wa pili ananakili, kisha anafanya mtihani.

Vita vilizidisha ugumu. Kuanzia mwaka 2000 Kisangani ilikuwa chini ya kundi la RCD-Goma, ilhali Bunia ilishikwa na makundi yaliyoungwa mkono na Uganda. Mstari wa vita ukapita katikati ya profesa na darasa lake. Mwezi Mei 2003 mapigano yaliingia Bunia kwenyewe, na maelfu ya wakazi wakakimbilia uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa.

Hitimisho

Mfumo wa krediti, uliotangazwa kwa vyuo vyote vya Kongo mwaka 2021, unapanga krediti 60 kwa mwaka na kuhesabu pia kazi ya mwanafunzi nje ya darasa. Kwa nadharia, basi, somo la siku kumi halitoshi tena, kwa kuwa siku hizo hazina nafasi ya kazi hiyo. Hata hivyo, krediti hazifupishi barabara wala haziongezi maprofesa. Historia ya Bunia inaonyesha kwamba kipimo cha mzigo huwa cha haki pale tu kinapohesabu, pamoja na saa, watu wanaofundishwa na muda wanaopewa ili waelewe.