Chemirocha na Sauti Zilizonaswa Hivi Hivi

Mwaka wa 1950, pale Kapkatet, kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Sotik, wasichana wa Kipsigis waliimba mbele ya kipaza sauti cha Hugh Tracey. Tracey alikuwa Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika akiwa kijana, na miaka hiyo alikuwa akizunguka bara na magari yake ya kurekodi. Wimbo waliouimba unaitwa "Chemirocha". Ni mfupi, na leo uko kwenye intaneti, yeyote mwenye bando anaweza kuusikia. Chemutoi Ketienya anatangulia, wenzake wanamjibu, na chini yao chepkong', kile kinanda chetu cha nyuzi, kinazunguka palepale kama mtu anayetikisa mtoto alale.

Nimeusikiliza mara nyingi mno, na kila mara najiuliza: mbona huu unanigusa kuliko nyimbo zilizorekodiwa kwa mamilioni?

Kwanza, jina lenyewe. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa kutoka Mississippi, Marekani, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa reli kabla ya kurekodi kwa mara ya kwanza mwaka wa 1927. Santuri zake zilifika hadi nchi ya Wakipsigis kwa gramafoni. Kwa masikio yaliyozoea Chebet, Chelangat na Chepkemoi, "Jimmie Rodgers" likageuka Chemirocha, jina lililokaa vizuri kabisa miongoni mwa majina ya nyumbani. Kulingana na maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwona kama kiumbe nusu mtu nusu paa, na wakamwita aje acheze nao.

Kuna mambo mawili ya kushangaza hapa. Rodgers mwenyewe alikuwa amekufa miaka 17 kabla, mwaka wa 1933, kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 35. Siku chache kabla ya kifo chake alirekodi New York akiwa mgonjwa hoi, analala kitandani kati ya wimbo mmoja na mwingine. Halafu, huyu tunayemwita mwanamuziki wa "country" aliwahi kurekodi na Louis Armstrong. Ilikuwa mwaka wa 1930, "Blue Yodel No. 9", tarumbeta ya Armstrong pembeni na Lil Hardin kwenye piano. Kwa hiyo mlango uliofunguka Kapkatet ulikuwa na jazz ndani yake tayari. Hata huku kwetu neno hilo halikukaa kwenye sanduku moja: Shirati Jazz, Victoria Jazz, Tabora Jazz, zote zilikuwa bendi za magitaa, na hakuna aliyeomba ruhusa New Orleans.

Sasa turudi kwenye swali. Mjini Kericho kwenyewe, baadaye, kulikuwa na Chandarana, duka na studio iliyotoa santuri nyingi za benga na za wanamuziki wa Kikalenjin. Muziki wa namna ya Kipchamba arap Tapotuk na Koilong'et Band ulitengenezwa uuzwe: gitaa limepangwa, besi iko mahali pake, wimbo una mwanzo na mwisho, na jina liko kwenye lebo ili mtu ajue anunue nini. Naupenda, na kwenye matatu ya Bomet bado unapigwa. Lakini unajua unasikilizwa. Unakuangalia machoni.

Ule wa wasichana hauniangalii. Wanaimbiana wao kwa wao, nami nimejibanza tu mlangoni. Ndiyo raha ya rekodi za namna hii duniani kote, iwe ni mpiga gitaa wa jazz aliyenaswa sebuleni kwa rafiki yake au shangazi anayeimba akimenya viazi. Hakuna anayejaribu kukuuzia kitu. Unasikia muziki ukifanya kazi yake ya kawaida, ile ambayo ungefanya hata kama mashine haipo.

Miaka miwili baadaye, 1952, Tracey alikutana na Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Kongo, mji tunaouita Likasi leo. Mwenda alikuwa akipiga gitaa barabarani. "Masanga" ilinaswa katika safari hiyo. Kijana peke yake na gitaa moja, vidole vinafanya kazi ya watu wawili, na santuri hiyo ikawafanya vijana wa Afrika Mashariki wabadilishe namna ya kukamata gitaa. Yaani kitu kilichosikika kwa bahati njiani kiligeuka kuwa shule.

Lakini tusidanganyane. "Hivi hivi" ya Kapkatet ilikuwa na mwenyewe. Tracey alichagua nani aimbe. Alishika kipaza sauti kwa mkono wake, akikisogeza kwa huyu na kwa yule kutegemea alichotaka tusikie. Nyimbo ambazo kijijini zingeenda mpaka watu wachoke, zilikatwa zitoshe upande mmoja wa santuri, kama dakika tatu hivi. Tunachokiona kuwa ni asili bila mikono ya mtu kilipita kwenye mikono ya mtu mmoja.

Na ulikuwa wakati gani? Ardhi bora ya Kericho ilikuwa tayari ni mashamba ya majani chai ya makampuni ya Kiingereza tangu miaka ya 1920. Watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa kidini wa Wakipsigis, walikuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Gwassi kwa sheria ya mwaka wa 1934. Gari la kurekodi lilipita barabara zilezile zilizobeba chai. Chai ilienda Uingereza, sauti zikaenda Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka wa 1954, na ambayo leo iko Makhanda. Simwiti mwizi. Bila yeye nisingekuwa na cha kusikiliza, na aliyapenda mambo haya wakati wengi wa rangi yake waliyadharau. Lakini kwenye lebo, baada ya jina la Chemutoi Ketienya, wenzake wamebaki "wasichana wa Kipsigis". Walikuwa na majina. Mama zao waliwaita kwa majina hayo jioni hiyohiyo.

Ndiyo maana kilichotokea mwaka wa 2014 kina uzito kwangu kuliko mjadala wowote wa ubora wa sauti. Maktaba hiyo ilishirikiana na mradi wa Singing Wells, ambao Ketebul Music ya Tabu Osusa ni mshirika wake, kuzirudisha rekodi hizo katika nchi ya Wakipsigis. Walizunguka wakiwatafuta walioimba au watu wa familia zao, na wakawapata baadhi yao, wazee sasa. Fikiria sauti yako ya ujana inasubiri zaidi ya miaka 60 katika nchi nyingine, wewe ukiwa nyumbani unakama ng'ombe.

Sisi wa kizazi cha simu tunadhani tatizo hili limekwisha. Kila mtu ni Tracey sasa. Harusi ya Bomet, maombi ya Litein, kogo akiimba jikoni, yote yako kwenye WhatsApp kabla chai haijapoa. Lakini angalia faili lenyewe: limeandikwa AUD, halafu namba, halafu WA0007. Jina la aliyeimba halimo. La kijiji halimo. Simu ikiibiwa Nairobi, basi.

Kwa hiyo ukimrekodi kogo, mwache aimbe mpaka mwisho, kikohozi na jogoo vikiwemo, usikate. Kisha, kabla hujamtumia yeyote, muulize kama anakubali, na uandike jina lake lote, la mwaka na la mahali. Msikilizaji wa miaka 60 ijayo ataupenda wimbo. Wajukuu wake watataka kujua ni wa nani.