Kipimo Kimoja, Nani Akishike?

Somo letu la leo ni la historia, nalo laanzia relini.

Mzigo uliopakiwa stesheni ya Mpanda husafiri juu ya reli yenye upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067. Reli hizo hukutana Kidatu. Lakini kwa tofauti hiyo ndogo, behewa la kawaida haliwezi kuvuka. Mzigo hauna budi kushushwa na kupakiwa tena.

Waandishi wa programu za kompyuta nao walipatwa na taabu kama hiyo. Msomaji wa kurasa za intaneti hutumia programu iitwayo kivinjari, kama Chrome, Firefox au Safari. Kivinjari huweza kuongezewa programu ndogo, iitwayo kiendelezi, ya kuzuia matangazo au kutafsiri maneno. Zamani kila kivinjari kilikuwa na kanuni zake za kupokea kiendelezi. Fundi aliyeandikia Firefox alilazimika kuandika upya kwa ajili ya Chrome: kazi moja, jasho mara mbili.

Mwaka 2015 Mozilla, wenye Firefox, walitangaza kwamba watafuata kanuni zinazofanana na zile za Chrome. Novemba 2017 wakaifunga njia yao ya zamani, na viendelezi vingi ambavyo havikuandikwa upya vikafa. Mwaka 2020 Apple wakazipokea kanuni hizo katika Safari. Mwaka 2021 kikaundwa kikundi cha kuzitengeneza kwa pamoja, chini ya W3C, shirika la viwango vya kurasa za intaneti.

Je, taabu imekwisha? Bado. Kipimo kilitoka kwa Chrome. Na Google, wenye Chrome, walipobadili masharti, baadhi ya viendelezi vya kuzuia matangazo vilipungua nguvu humo. Firefox wakaubakiza uwezo ule wa zamani. Basi fundi akajikuta tena kwenye reli mbili.

Mkulima aliyeuza mahindi kwa lumbesa hahitaji kuelezwa zaidi. Kipimo kimoja hupunguza jasho la wote, lakini ashikaye kipimo peke yake hujipimia kwanza.

Sasa jadilianeni darasani: kipimo cha wote kilindwe na nani, na kwa njia gani? Kwa herini, hadi somo lijalo.