Jina ni Lilelile

Ukitaja sheli hapa Kenya, mtu anafikiria petroli. Yangu ni nyingine: ile programu inayosoma amri unazoandika kwenye kompyuta na kuzipeleka kwa mfumo endeshi. Ni kama karani wa mlangoni. Unamweleza shida, yeye anajua inaenda ofisi gani.

Mwaka 2007 nilikuwa natunza kompyuta za sacco moja ndogo. Kila usiku skripti yangu ilinakili hesabu za wanachama kwenye diski ya pili. Siku moja nikaweka toleo jipya la Ubuntu, nikaona kila kitu kiko sawa, nikaenda zangu. Wiki tatu baadaye diski kuu ikafa. Kufungua ile ya pili, nakala ya mwisho ilikuwa ya usiku wa kabla ya toleo jipya. Mimi na mhasibu, mama mmoja mpole, tulikaa siku nne tukijenga upya hesabu kutoka kwa risiti za karatasi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Chanzo cha balaa kilikuwa herufi mbili: sh. Kwenye Unix, hilo ndilo jina la sheli ya mfumo. Mwaka 1971 lilikuwa la sheli ya Ken Thompson. Mwaka 1979, katika Toleo la 7 la Unix, likapewa sheli ya Stephen Bourne. Kisha 1989 Brian Fox akatoa Bash kwa ajili ya mradi wa GNU. Bash ilielewa amri za Bourne na kuongeza zake nyingi, na kwenye Linux ndiyo ikawa inaitika jina la sh.

Shida ni kwamba Bash, hata ukiiita sh, iliendelea kukubali yale mambo yake ya ziada. Sisi tukazoea. Tuliandika sh juu ya skripti, ndani tukaandika Bash tupu, na hakuna aliyetukatalia.

Lakini Bash ni nzito, na kompyuta inapowaka huendesha skripti nyingi sana. Kwa hivyo Oktoba 2006, katika toleo la 6.10, Ubuntu ikakabidhi jina la sh kwa dash, sheli nyepesi iliyotokana na kazi ya Kenneth Almquist. Bash haikufukuzwa. Mtu akiandika amri kwa mkono, bado alikutana nayo. Ndiyo maana nilipojaribu amri zangu moja moja, zote zilikubali! Usiku, skripti ikijiendesha yenyewe, ilimkuta dash. Mabano yangu mraba mawili mawili hakuyajua. Alilalamika kwenye faili ambayo hakuna mtu aliyeisoma, akahesabu sharti halijatimia, akaruka kazi ya kunakili.

Wakati huo niliwalaani watu wa Ubuntu. Sasa naona wao walitimiza ahadi. Kiwango cha POSIX cha 1992 kilikuwa kimeeleza sh inapaswa kuelewa nini, na dash inayaelewa hayo. Mimi ndiye niliyemwita mtu kwa jina la mwingine.

Hata hivyo, siwaachilii kabisa. Mazoea ya miaka mingi nayo ni ahadi, hata kama hayajaandikwa popote. Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, walikwenda polepole: walisaka skripti zenye kasoro kama yangu, wakazirekebisha, na dash ikawa sh ya kawaida katika toleo lao la 2011. Walikuwa wanabadilisha kitu kilekile. Tofauti ni nani aliyeachiwa gharama.

Marekebisho yangu yalikuwa neno moja kwenye mstari wa kwanza: nilifuta sh, nikaandika bash. Na tangu hapo, kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, nafungua diski ya nakala na kuangalia tarehe kwa macho yangu.