Ashadhi Ekadashi: Siku ya mfungo na hija ya Pandharpur

ASHADHI Ekadashi ni siku ya mfungo inayoadhimishwa na Wahindu wa jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Huangukia siku ya 11 ya mwezi unaokua katika mwezi wa Kihindu wa Ashadha, kati ya Juni na Julai.

Kwa imani ya Wahindu, siku hiyo mungu Vishnu huanza usingizi wa miezi minne. Wasemaji wa Kimarathi humwabudu kwa jina la Vithoba, ambaye hekalu lake kuu liko Pandharpur, wilayani Solapur, kando ya mto Bhima.

Waumini wanaofunga huacha nafaka na jamii ya kunde. Baadhi hujizuia kula kabisa. Wengine hula matunda, viazi vitamu, au punje za wanga wa muhogo zilizopikwa kwa samli na karanga. Mfungo hufunguliwa siku inayofuata.

Kabla ya siku hiyo, mahujaji waitwao Warkari hutembea kwa miguu takriban wiki tatu. Msafara wa Alandi, wa kilomita zipatazo 250, husindikiza machela yenye makubadhi ya mtakatifu Dnyaneshwar, aliyefafanua Bhagavad Gita kwa Kimarathi mwaka 1290. Mwingine hutoka Dehu na makubadhi ya Tukaram, mshairi wa karne ya 17. Njiani huimbwa tenzi za watakatifu kwa ngoma na matoazi, na wanawake hubeba vyungu vya mrihani kichwani.

Warkari huhubiri usawa mbele ya Vithoba, na mahujaji huamkiana kwa kugusana miguu. Hata hivyo, kwa karne nyingi mlango wa hekalu ulifungwa kwa Wadalit, waliohesabiwa kuwa najisi. Chokhamela, mshairi wa karne ya 14 kutoka tabaka la Mahar, alimwimbia Vithoba maisha yake yote bila kuruhusiwa kuingia. Alizikwa nje, mbele ya lango.

Kizuizi hicho kiliondolewa kwa mfungo wa aina nyingine. Mwezi Mei 1947, mwandishi na mpigania uhuru Sane Guruji alisusia chakula mjini Pandharpur kwa takriban siku kumi, hadi ilipokubaliwa kwamba Wadalit waingie.

Mwaka 2014, baada ya Mahakama ya Juu ya India kukomesha haki za urithi za koo za makuhani, kamati ya hekalu ilikaribisha maombi ya ukuhani kutoka kwa wanawake na watu wa matabaka mengine.

Leo mahujaji wa matabaka yote husimama foleni moja kumwona Vithoba. Wanapofika langoni, kaburi la Chokhamela lingali pale pale, nje ya ngazi ambazo yeye hakuruhusiwa kuzipanda.