Wasimamizi wa asasi za wazee wanahitaji kufunzwa nini?

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, makao ambamo wazee huishi na kuhudumiwa usiku na mchana, mfano wa Nyumba ya Wazee iliyoko Kasarani, Nairobi, ni nadra. Aghalabu mzee hutunzwa bomani mwake, nao msaada wa ziada hutoka kwa vikundi vya kijamii, makanisa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Kila asasi ya aina hiyo huwa na kamati au bodi.

Wanaochaguliwa katika bodi hizo ni mwalimu mstaafu, mchungaji, chifu wa zamani au mama anayeheshimika kanisani. Sifa zao njema hazina shaka, ila sifa njema haziwafundishi kusoma hesabu za benki.

Funzo la kwanza ni mipaka ya kazi. Mwanabodi hagawi blanketi wala hamwamrishi mpishi. Hayo ni ya meneja na wafanyakazi. Kazi yake ni kupitisha bajeti, kumwajiri meneja na kumhoji, na kujitenga na uamuzi wowote unaohusu zabuni ya jamaa yake.

Fedha ndizo huleta ugumu. Miongoni mwa Waluo, kumdai jaduong' mwenyekiti stakabadhi mbele ya watu huweza kuhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Njia iliyo nyepesi ni kuiweka taarifa ya mweka hazina katika ajenda ya kila mkutano, ili swali liulizwe na ajenda, si na mtu. Kwa Wakuria wa Migori, ambao wamezoea masuala kujadiliwa hadharani katika baraza la iritongo, hoja hii si ngeni.

Sheria nayo imebadilika. Vikundi husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Mashirika makubwa yanaongozwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya mwaka 2013, ambayo ilikaa zaidi ya mwongo mmoja kabla ya kuanza kutekelezwa Mei 2024. Juu ya zote ni Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010, kinachompa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kutunzwa na jamaa yake pamoja na serikali. Hata picha ya mzee inayotumiwa kuomba ufadhili inahitaji idhini yake, kwani Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu yeye pia.

Mwanabodi asipoyafahamu maisha ya anaowahudumia, sheria hizo hazimfai kitu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima katika Homa Bay waliishi na virusi vya Ukimwi, kiwango cha juu kuliko kaunti zote. Nyanya wengi wamelea wajukuu mayatima. Bodi inayopanga kilo za unga kwa mdomo mmoja itashangaa unga unapoisha kabla ya wiki. Vilevile Sh2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii ni mali ya mzee mwenyewe. Asasi haina ruhusa ya kuziingiza katika mapato yake, wala mwanabodi kutunza nambari yake ya siri ya simu.

Liko pia suala la mauti, ambalo wengi hulikwepa. Kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, iliyoamuliwa mwaka 1987, iliiacha nchi nzima ikijua uzito ambao Waluo huupa mahali pa kuzikwa. Asasi inayomlaza mzee kwake yafaa iwe na karatasi iliyojazwa angali na uwezo wa kusema: jamaa wa kupigiwa simu, boma atakakozikwa, na atakayelipia mochari na gari. Karatasi hiyo husomwa upya na bodi kila mwaka, maana wanaotajwa humo nao huhama, na wengine hutangulia.